Lotte Jacobi: kutoka kumbi za Berlin hadi koti la ngozi la Einstein

Swali: "Napiga picha za michezo ya kuigiza hapa Mombasa, ingawa harusi ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba. Juzi niliona picha ya Einstein amevaa koti la ngozi, chini yake jina la Lotte Jacobi. Nikaambiwa mama huyo alikuwa mpiga picha wa tamthilia huko Berlin. Ni kweli? Aliwezaje kutoka jukwaani hadi kumfikia Einstein, na kwa nini watu wake wanaonekana kama hawajui kwamba wanapigwa picha?"

Jibu:

Dada yangu, uliyoambiwa ni kweli, ila yamefupishwa mno. Lotte Jacobi alimjua Einstein tangu Ujerumani, enzi zile zile alipokuwa akishinda kwenye kumbi za maonyesho. Na namna alivyompiga picha mwaka 1938, wote wawili wakiwa wakimbizi Marekani, ndiyo namna aliyokuwa akiwapiga waigizaji na wacheza dansi miaka kumi kabla. Kwa hiyo jibu la maswali yako yote liko Berlin. Huko ndiko nitakakokaa, nikipita haraka kwenye utoto.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1896 mjini Thorn, Prussia Magharibi, wakati huo sehemu ya Ujerumani, mji ambao leo ni wa Poland na unaitwa Toruń. Kwao kupiga picha kulikuwa kazi ya ukoo. Baba yake, Sigismund Jacobi, alikuwa na studio, babu yake vilevile, na aliyeianza kazi hiyo ni baba wa babu, Samuel Jacobi, miaka ya 1840, wakati picha zenyewe zilikuwa jambo geni duniani. Nyumbani ilisimuliwa kwamba Samuel alifunga safari hadi Paris akafundishwa na Daguerre mwenyewe, Mfaransa mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha. Masimulizi ya ukoo huwa hayakosi chumvi, lakini vyovyote iwavyo, Lotte alikuwa kizazi cha nne. Mdogo wake, Ruth, naye akawa mpiga picha.

Alipokuwa msichana akamwomba baba yake kamera. Mzee hakumnunulia. Alimsaidia kutengeneza kisanduku kisicho na lenzi, chenye kitundu cha sindano tu cha kupitishia mwanga. Ukiwahi kupiga picha kwa kisanduku cha namna hiyo unajua kinachofundishwa: unafungua kitundu, unangoja, unahesabu, na anayetikisika hatokei. Subira aliipata mapema.

Hata hivyo usidhani alikwenda moja kwa moja studio. Mwaka 1916 aliolewa, mwaka uliofuata akamzaa mwanawe wa pekee, ndoa ikavunjika mwaka 1924. Wakati huo wazazi wake walikuwa wameshahamia Berlin na baba amefungua studio huko. Lotte akaenda Munich, akasomea ufundi wa picha katika chuo cha serikali kuanzia 1925 hadi 1927, akagusa na filamu, na pembeni akasikiliza mihadhara ya historia ya sanaa chuo kikuu. Alikuwa amekaribia miaka thelathini, ni mama, ametalikiwa, anakaa darasani na vijana. Nalitaja hili kwa sababu wanaoandika habari zake hupenda kuruka kutoka kile kisanduku cha utotoni hadi umaarufu, kana kwamba hapo katikati hapakuwa na maisha.

Mwaka 1927 akarudi Berlin na kushika studio ya baba yake. Hapo ndipo kazi unayoiulizia inapoanza.

Berlin ya wakati ule ilikuwa na tamthilia kila kona. Mwongozaji Max Reinhardt alikuwa na kumbi zake, jina kubwa kuliko yote. Mwaka huohuo wa 1927 mwongozaji Erwin Piscator alifungua jukwaa lake kwenye uwanja wa Nollendorfplatz, akaingiza filamu na mitambo katikati ya maigizo. Tarehe 31 Agosti 1928, kwenye ukumbi wa Schiffbauerdamm, mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht na mtunzi wa muziki Kurt Weill walitoa igizo la muziki Die Dreigroschenoper (Opera ya Senti Tatu), na mke wa Weill, Lotte Lenya, akaigiza nafasi ya Jenny. Upande wa pili wa mji kulikuwa na magazeti ya picha yenye njaa isiyoshiba. Moja tu, Berliner Illustrirte Zeitung, lilikuwa likiuza karibu nakala milioni mbili kila wiki. Magazeti hayo yalitaka sura: nani ameigiza jana, nani anacheza dansi ya namna gani, nani kaandika kitabu. Mwenye picha nzuri ya mwigizaji anayesemwa mjini alikuwa na mnunuzi kabla karatasi haijakauka.

Sasa tufike kwenye ufundi, kwa kuwa wewe ni wa fani. Kabla ya miaka ile, picha nyingi za tamthilia hazikupigwa onyesho likiendelea. Waigizaji walibakizwa baada ya pazia kufungwa, au waliitwa siku nyingine, wakaambiwa washike pozi na wasipepese macho. Taa ziliongezwa, au unga wa magnesi ukawashwa, ukumbi ukajaa moshi. Picha ilitoka kali, kila kifungo cha vazi kinaonekana, ila igizo lenyewe limekufa. Mambo yakaanza kubadilika mwaka 1924, kiwanda cha Ernemann cha Dresden kilipotoa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi pana kiasi cha kupiga kwa mwanga wa taa za jukwaani peke yake. Badala ya filamu ilitumia vioo vilivyopakwa dawa, kimoja kimoja, na ilitaka mkono usiotetemeka. Mwaka uliofuata Leica ikaingia sokoni na filamu yake ya mkanda. Ghafla mpiga picha aliweza kukaa gizani na kungoja.

Kizazi cha Jacobi ndicho kilichofaidi mabadiliko hayo. Na kungoja huko, dada, si kwa ajili ya mwanga tu. Unaijua ile nukta: mwigizaji amemaliza kusema, mkono bado uko hewani, pumzi haijarudi. Kwa nusu sekunde anatulia mwenyewe, hajaambiwa na mtu. Anayepiga kabla hupata ukungu, anayepiga baada hupata mtu anayekumbuka mstari unaofuata. Ukikaa miaka ukiwinda nukta hiyo, jicho lako linaizoea hata nje ya ukumbi. Utaitafuta kwa mwanasayansi aliyekaa mezani kwake, na kwa mwandishi mwenye haya anayetaka uondoke.

Upo pia upande wa pili wa kazi ile, nao ndio uliompa jina. Waigizaji na wacheza dansi walikuja studio kwake, baadhi na mavazi ya jukwaani, wengine na nguo zao za kawaida. Huko alikuwa na nafasi ya kusogea. Tazama picha aliyoiita Kichwa cha Mcheza Dansi, ya mwaka 1929 hivi. Ni Niura Norskaya, mcheza dansi Mrusi. Amevaa kofia nyeusi yenye ukingo mpana, na ukingo huo umejaza fremu kiasi kwamba mabega hayana nafasi na nyuma hakuna kitu cha kuangalia. Ndani ya duara hilo jeusi kuna uso mweupe wenye umbo la yai, midomo iliyokozwa rangi, macho yanakutazama moja kwa moja. Ni picha ya mtu ambaye kazi yake ni mwili mzima, miguu, kiuno, mikono, na Jacobi amevikata vyote. Bado unajua ni mcheza dansi. Shingo huioni vizuri, lakini kichwa kimebebwa kwa namna ambayo mtu asiyefunzwa hawezi kukibeba. Nikiambiwa nichague picha moja tu ya Jacobi nitaiacha ya Einstein na kuchukua hii.

Za Lotte Lenya nazo zitafute: nywele fupi, sigara mkononi, sura ya mtu ambaye ameshasikia uongo wote wa mji. Kisha ile ya ndugu wawili, Erika na Klaus Mann, watoto wa mwandishi Thomas Mann. Wote wawili walikuwa watu wa jukwaa na kalamu, na kwenye picha hiyo wamevaa shati na tai, wamekaribiana, wanafanana hadi unasita kusema yupi kaka na yupi dada. Angeweza kuwatenganisha kwa nguo au kwa pozi. Hakufanya hivyo, maana wenyewe ndivyo walivyopenda kuonekana. Mwigizaji Peter Lorre alipita mbele ya kamera yake, na Weill, na mchoraji Käthe Kollwitz, na mwanafizikia Max Planck. Jacobi alimpiga picha Einstein huko Caputh, kijijini karibu na Potsdam, ambako Einstein alikuwa na nyumba ya mapumziko na mashua ya tanga.

Swali lako la tatu, kwa nini hawaonekani kama wanapigwa picha. Kwanza, alizungumza nao. Walioketi mbele yake wamesimulia kwamba mama huyu alikuwa akiongea, akiuliza, akibishana, mpaka mgeni anasahau kamera. Pili, hakuwa na mpangilio mmoja wa taa wa kumpachika kila anayeingia. Alizoea kusema kwamba mtindo wake ni mtindo wa wale anaowapiga, na kwamba hataki kujipiga picha yeye mwenyewe kupitia sura ya mtu mwingine. Wengi hulisema hili, kwake linathibitika: ziweke picha zake kumi mezani, utakuta nyingine ni nyeusi kabisa, nyingine nyeupe kama chokaa, nyingine zimekatwa kwenye paji la uso, nyingine zina chumba kizima. Ukifuata mwanga peke yake hutajua kwamba ni mkono mmoja. Hilo kwa biashara si jambo jepesi, kwa sababu mteja hununua mtindo anaoutambua. Mimi naona ndiyo sababu mojawapo jina lake halikusikika kama la wengine waliokuwa na kipaji pungufu.

Tuje kwenye siasa, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini akaishia Marekani. Jacobi alikuwa Myahudi, na alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto. Picha yake ya Ernst Thälmann, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, ilitumika katika kampeni ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1932, ule ambao Hitler naye aligombea. Mwishoni mwa mwaka huo akasafiri Urusi ya Kisovieti, akafika hadi Tajikistan na Uzbekistan, akapiga masoko, mashamba, wanawake na wazee wa Samarkand na Bukhara. Aliporudi Berlin mapema 1933 Hitler alikuwa ameshashika serikali. Oktoba mwaka huo ikatoka sheria ya wahariri, iliyowafungia Wayahudi milango ya magazeti, wapiga picha wa habari wakiwemo. Kwa studio iliyoishi kwa kuuza sura magazetini, sheria hiyo ilikata mkate wenyewe. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa utawala, kwa kuuthamini ufundi wake, walikuwa tayari kumhesabu kama Mwarya wa heshima, yaani mtu wa mbari waliyoitukuza Wanazi, naye akakataa.

Baba yake alifariki mwaka 1935. Septemba mwaka huohuo akaondoka, akapitia London, akafika New York mwishoni mwa mwezi. Negativu, yaani filamu na vioo asilia vya picha zake, alikuja nazo chache. Nyingi alizoziacha Berlin zilipotea, na ndani yake sehemu kubwa ya kumbukumbu ya jukwaa la Berlin katika miaka yake bora. Kwa hiyo kazi yake ya tamthilia tunayoitazama leo ni mabaki.

Ili ujue alichokiepuka, kumbuka jina la Yva, mpiga picha wa mitindo na wacheza dansi aliyekuwa na studio kubwa mjini humohumo. Kijana Helmut Newton, aliyekuja kuwa maarufu duniani, alijifunza kazi kwake. Yva alibaki Berlin. Mwaka 1942 alikamatwa akasafirishwa kuelekea mashariki, hakurudi.

New York, Lotte na Ruth walifungua studio pamoja, baadaye kila mmoja akashika njia yake. Haikuwa rahisi. Magazeti ya Marekani yalikuwa na ladha yake: taa nyingi, ngozi inayong'aa, mtu mashuhuri aonekane mashuhuri. Mwaka 1938 gazeti la Life lilimtaka Einstein. Jacobi akaenda nyumbani kwake Princeton, akamkuta na koti lake la ngozi, nywele hazijachanwa. Hakumwambia abadilishe. Alimwacha na kalamu na karatasi zake, akangoja. Picha iliyopatikana ndiyo hiyo uliyoiona wewe: mikono inafanya kazi, koti limekunjamana kwenye viwiko, na mtu mwenyewe yuko mahali pengine kabisa kwa mawazo. Life waliikataa. Waliona haina heshima ya kutosha kwa mtu wa hadhi ile. Leo huwezi kumsoma Einstein bila kukutana nayo, na koti lenyewe, la kampuni ya Levi's, liliuzwa kwenye mnada London mwaka 2016 kwa pauni 110,500. Mnunuzi alikuwa kampuni hiyohiyo iliyolishona.

Ukiniuliza, mhariri aliyeikataa hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea picha ya mtu aliyeketi kwa ajili ya picha. Aliyoletewa ilikuwa picha ya igizo: mtu yuko kwenye nafasi yake, anaifanya kazi yake, na mtazamaji amekaa gizani asikomuona. Jacobi alimtendea Einstein alivyomtendea mwigizaji wa Schiffbauerdamm.

Mwaka 1940 aliolewa tena, na Erich Reiss, mchapishaji vitabu aliyejulikana sana Berlin, ambaye alikuwa amefungwa katika kambi ya Wanazi kabla ya kupata njia ya kutoka. Studio iliendelea. Mchoraji Marc Chagall alikuja na binti yake Ida, Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt, alipigwa picha, mpiga picha Alfred Stieglitz vilevile, na mwaka 1950 akaja kijana mmoja mrefu mwenye macho meusi, mwandishi J. D. Salinger. Picha hiyo ilichapishwa nyuma ya jalada la riwaya yake The Catcher in the Rye mwaka 1951. Salinger alichukia kutambulika, akadai iondolewe, na matoleo yaliyofuata yakatoka bila sura yake. Kwa hiyo watu wa zama zile waliomjua Salinger kwa sura, wengi walimjua kwa jicho la Jacobi.

Kuna sehemu ya kazi yake ambayo wapenzi wa picha za watu huipita, nayo wewe wa jukwaani usiipite. Kuanzia 1946 hivi, akiwa na rafiki yake msanii Leo Katz, alianza kutengeneza picha bila kamera. Chumba cha giza, karatasi ya picha mezani, tochi ndogo mkononi, na kati ya tochi na karatasi kipande cha kioo au selofani iliyofinyangwa. Tochi ikizunguka, mwanga unapinda, karatasi inaandika. Baada ya kusafishwa hutokea mikunjo na mawimbi ya kijivu, laini kama moshi wa udi. Katz aliziita fotojeniki. Ukizitazama baada ya zile za wacheza dansi wa Berlin utaona undugu: ni mwendo wa mkono uliobaki kwenye karatasi, safari hii mkono ni wake. Reiss alifariki mwaka 1951, Jacobi akaendelea nazo hadi katikati ya muongo huo.

Mwaka 1955 akaiacha New York, akahamia Deering, kijijini kwenye misitu ya New Hampshire, karibu na mwanawe na mkwewe. Wengi wangehesabu kwamba hapo amestaafu. Mwaka 1959 alimpiga picha mshairi Robert Frost. Akiwa na zaidi ya miaka 60 alikwenda Paris kujifunza uchapaji wa sanaa katika karakana ya Stanley William Hayter. Aliporudi akafungua nyumba ya maonyesho hapohapo Deering, akaanika kazi za wasanii wengine pamoja na zake. Siasa pia hakuziacha: aliwahi kuwa mjumbe wa New Hampshire kwenye mkutano mkuu wa taifa wa chama cha Democratic, bibi kizee tayari. Alifariki tarehe 6 Mei 1990 mjini Concord, akiwa na miaka 93.

Hukuniuliza kama kazi ya jukwaani inalipa, ila kwenye sentensi yako ya harusi na kodi nimelisikia. Jacobi hakuishi kwa jukwaa peke yake. Kilichomlisha Berlin ni kwamba mwigizaji aliyempiga ukumbini usiku alikuja studio mchana, na picha hiyo gazeti likainunua. Mlango ulikuwa mmoja, wateja watatu: ukumbi, mwigizaji na gazeti. Wewe unao waigizaji wa Mombasa wanaokuamini tayari. Waombe saa moja ya mchana, bila vazi wala vipodozi vya jukwaani, uwapige sura tupu. Wengi wao hawana picha nzuri ya kumpelekea mwongozaji wa filamu au tangazo.

Kumbukumbu zake kubwa ziko Chuo Kikuu cha New Hampshire, mjini Durham, alikokabidhi negativu takriban 47,000 akiwa hai, na sehemu ya picha unaweza kuzitazama kwenye intaneti. Anza na Norskaya na kofia yake. Angalia taa imetokea upande gani, kisha angalia amekata wapi chini ya kidevu. Halafu fungua ile ya ndugu wa Mann uone kwamba hapo amekata mahali pengine kabisa.